Kurejesha Watuhumiwa Kati ya Nchi Baada ya Ukoloni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale ambayo wanafunzi wa sheria, waandishi wa habari na jamaa za watu waliokamatwa ugenini huyarudia kila mara. Mifano mingi imetoka Afrika na katika nchi za Jumuiya ya Madola, kwa kuwa huko ndiko mpasuko kati ya sheria ya himaya na sheria ya nchi huru ulikoonekana waziwazi. Jibu linalotegemea jingine linamwelekeza msomaji mahali pa kulitafuta.

## Misingi

Kumrejesha mtuhumiwa kunatofautianaje na kumfukuza mgeni nchini?

Kumrejesha mtuhumiwa ni kitendo cha nchi moja kumkabidhi mtu kwa nchi nyingine iliyomwomba rasmi, ili ashtakiwe huko au atumikie kifungo alichokwisha kuhukumiwa. Kumfukuza mgeni ni uamuzi wa nchi mwenyeji peke yake, unaohusu haki ya mtu huyo kuendelea kuishi humo, na kwa kawaida hushughulikiwa na idara ya uhamiaji. Katika utaratibu wa kwanza mtuhumiwa hupewa nafasi ya kusikilizwa mahakamani kabla hajaondoka. Katika ule wa pili nafasi hiyo huwa finyu mno. Ndiyo maana serikali zenye haraka hupendelea njia ya uhamiaji, na ndiyo maana mahakama makini huitazama njia hiyo kwa shaka. Mfano wake umo katika jibu kuhusu adhabu ya kifo.

Je, nchi inalazimika kumtoa mtu kila inapoombwa?

Hapana. Wajibu hutokana na mkataba, au na sheria ya ndani inayoitambua nchi inayoomba. Pasipo mkataba nchi inaweza kumtoa mtu kwa hisani au kwa kutarajia kutendewa vivyo hivyo, mradi sheria yake inaruhusu. Yapo makosa machache, kama vile utesaji, ambayo mikataba ya kimataifa inaitaka nchi ichague moja kati ya mawili: imshtaki mtuhumiwa yenyewe au imkabidhi kwa anayeweza kumshtaki.

Anayeamua ni mahakama au serikali?

Wote wawili, kila mmoja kwa zamu yake. Ombi hupokelewa na serikali, hakimu huamua kama masharti ya sheria yametimizwa, kisha waziri au ofisa aliyetajwa na sheria ndiye hutoa amri ya mwisho. Hakimu akikataa, serikali haiwezi kumtoa mtu huyo kwa ombi lilelile. Hakimu akikubali, serikali bado inaweza kusita.

Hata ndani ya serikali mamlaka hayako wazi sikuzote. Nchini Kenya, ombi lililotoka kisiwa cha Jersey mwaka 2011 lilizaa mvutano wa miaka mingi kuhusu nani mwenye mamlaka ya kufungua shauri la namna hii chini ya Katiba ya 2010: Mwanasheria Mkuu au Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu iliamua kwamba ni Mkurugenzi wa Mashtaka. Muongo mzima ulipita kabla swali la nani wa kulipeleka ombi mahakamani halijapata jibu.

## Kutoka himaya moja hadi nchi huru

Wakati wa ukoloni watoro walirejeshwaje?

Uingereza ilikuwa na sheria mbili. Ile ya mwaka 1870 ilihusu nchi za kigeni, na ilimlinda mtu aliyetafutwa kwa kosa la kisiasa. Ile ya mwaka 1881 ilihusu watoro waliohama kutoka sehemu moja ya himaya kwenda nyingine, na haikuwa na kinga hiyo hata kidogo. Hoja iliyojificha nyuma yake ilikuwa kwamba himaya ni moja, mfalme ni mmoja na haki ni moja, hivyo hakuna sababu ya sehemu moja kuishuku mahakama ya sehemu nyingine. Makoloni yaliyopakana yaliweza kuwekwa katika kundi moja, na humo mambo yakawa mepesi zaidi: hati ya kukamata iliyotolewa na hakimu wa upande mmoja ilihitaji tu saini ya hakimu wa upande wa pili ili mtu asafirishwe.

Kwa mtawaliwa aliyedai uhuru, maana yake ilikuwa kwamba kuvuka mpaka wa koloni hakukumpa hifadhi yoyote.

Uhuru ulipopatikana, je, sheria na mikataba hiyo ilikufa?

Nchi zilijibu kwa namna tofauti. India ilipata jibu lake mahakamani. Mwaka 1954, katika shauri lililotoka Madras la watu waliotakiwa Singapore, Mahakama ya Juu ya India ilisema kwamba sheria ya 1881 haiwezi tena kutumika. India ilikuwa jamhuri tangu 1950, na jamhuri haiwezi kuhesabiwa kuwa miliki ya Uingereza iliyowekwa kundi moja na makoloni mengine. Bunge la India lilitunga sheria yake mwaka 1962.

Tanganyika ilichagua njia ya kisiasa, na kwa maoni yetu ilikuwa njia ya heshima kuliko zote. Mwezi Desemba 1961 Mwalimu Nyerere alimwarifu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kwamba mikataba ya pande mbili ambayo Uingereza ilifunga kwa niaba ya Tanganyika ingeendelea kutumika kwa miaka miwili tu tangu siku ya uhuru. Katika muda huo kila mkataba ungepitiwa, na usiothibitishwa upya au kubadilishwa ungehesabiwa kuwa umekwisha, isipokuwa pale ambapo sheria ya kawaida ya kimataifa ingeubakiza. Msimamo huo, ambao wanasheria wameupa jina lake Mwalimu, uliigwa na nchi nyingine zilizofuata, zikiwemo Uganda na Kenya. Ulikataa mambo mawili kwa pamoja: kurithi kila kitu bila kuulizwa, na kutupa kila kitu siku moja na kuacha pengo ambalo wahalifu wa kweli wangelipitia.

Matokeo yake yanaonekana hadi leo. Mkataba wa mwaka 1931 kati ya Uingereza na Marekani haukuendelea kwa Tanzania na Kenya kwa mazoea tu. Ulithibitishwa kwa kubadilishana barua za kibalozi mwaka 1965. Mtu anayeuita mkataba huo masalia ya mkoloni yuko sahihi kuhusu asili yake, lakini anasahau kwamba serikali huru ndizo zilizoukubali.

Kwa nini kesi ya Enahoro inatajwa kila mara?

Kwa sababu ilionyesha, mbele ya ulimwengu mzima, hatari ya kutumia sheria ya himaya baada ya himaya yenyewe kuvunjika.

Chifu Anthony Enahoro alikuwa mwanasiasa wa upinzani nchini Nigeria, yule aliyewasilisha bungeni hoja ya kujitawala mwaka 1953. Mwaka 1962 viongozi wa chama chake, akiwemo Obafemi Awolowo, walishtakiwa kwa njama za kuiangusha serikali. Enahoro alitoka nchini akafika Uingereza, akakamatwa huko mwezi Novemba mwaka huohuo na kuwekwa katika gereza la Brixton. Nigeria ilikuwa huru tangu 1960, lakini ombi lake lilishughulikiwa kwa sheria ya 1881. Kwa hiyo swali ambalo mgeni yeyote kutoka Ulaya angeruhusiwa kuliuliza mbele ya hakimu, yaani kama kosa hili ni la kisiasa, kwake halikuwa na nafasi katika sheria. Mahakama za Uingereza hazikumwokoa. Bungeni suala lilijadiliwa tena na tena, na Waziri wa Mambo ya Ndani, Henry Brooke, alishikilia kwamba ni lazima arejeshwe. Tarehe 16 Mei 1963 alipandishwa ndege. Mwezi Septemba alihukumiwa kifungo cha miaka 15, na alitoka gerezani mwaka 1966 baada ya utawala kubadilika.

Hatusemi kwamba mashtaka dhidi yake yalikuwa ya uongo au ya kweli. Tunachosema ni kwamba alinyimwa ulinzi kwa sababu tu nchi yake ilikuwa koloni jana. Jambo hilo liliwagusa watu wa vyama vyote kule London, na miaka minne baadaye sheria ikabadilika.

Mpango wa London wa 1966 ni nini?

Ni makubaliano ya mawaziri wa sheria wa Jumuiya ya Madola, waliokutana London mwaka 1966, kuhusu namna nchi zao zitakavyorejesheana watoro. Si mkataba. Kila nchi iliahidi kutunga sheria yake kwa kufuata misingi ileile, na Uingereza ilifanya hivyo mwaka 1967. Msingi muhimu kuliko yote ulikuwa kuingiza kinga ya kosa la kisiasa, pamoja na kukataa kumtoa mtu anayeandamwa kwa sababu ya rangi, dini, uraia au maoni yake. Hapo mwanzo makosa yaliorodheshwa moja baada ya jingine; marekebisho ya baadaye yalitumia kipimo cha uzito wa adhabu, yaani kosa linaloweza kumpa mtu kifungo cha miaka 2 au zaidi katika nchi zote mbili.

Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha kuanza kabla ya hapo. Uganda ilitunga sheria yake mwaka 1964 na Tanzania mwaka 1965. Kenya ilikuwa na sheria mbili, moja kwa nchi za Jumuiya ya Madola na nyingine kwa nchi jirani na za kigeni.

Nchi zilizotawaliwa na Ufaransa zilifanya nini?

Zilitangulia kuafikiana zenyewe kwa zenyewe. Mkataba wa Antananarivo wa tarehe 12 Septemba 1961 uliziunganisha nchi za Umoja wa Afrika na Madagaska katika ushirikiano wa kimahakama, ukiwemo urejeshaji wa watuhumiwa. Baadaye Jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi ilipata mkataba wake uliotiwa saini Abuja mwaka 1994, na ile ya Kusini mwa Afrika ikapata itifaki yake mwaka 2002.

## Mbele ya hakimu

Hakimu huangalia nini hasa?

Fikiria jalada lililoko mezani kwake. Ndani yake mna ombi lililopitia ubalozini, hati ya kukamata iliyotolewa na mahakama ya nchi inayoomba, maelezo ya mashahidi yaliyothibitishwa kwa muhuri, nakala ya kifungu cha sheria kinachodaiwa kuvunjwa, na picha au alama za vidole. Hakimu huanza kwa kujiuliza kama mtu aliye kizimbani ndiye anayetakiwa. Kisha hutazama kama tendo analotuhumiwa ni kosa la jinai katika nchi zote mbili. Majina ya makosa yanaweza kutofautiana, lakini tendo lenyewe sharti liwe ni kosa huku na huko. Halafu huja suala la ushahidi. Katika nchi nyingi zilizorithi sheria ya Uingereza, ushahidi hutakiwa uwe wa kutosha kumfikisha mtu kwenye kesi kamili kama tendo lingefanyika hapohapo. Hakimu hatafuti kujua kama mtu ana hatia. Mawakili wengi hupoteza siku nzima wakijaribu kuthibitisha kwamba mteja wao hakutenda, wakati ambapo muhuri uliokosekana kwenye hati ungewasaidia zaidi.

Hakimu akiridhika, mtu huwekwa rumande asubiri kukabidhiwa. Sheria ya Tanzania inataka zipite siku 15 kabla hajaondolewa, ili apate muda wa kuiomba Mahakama Kuu ichunguze uhalali wa kushikiliwa kwake. Miezi miwili ikipita bila yeye kuchukuliwa, anaweza kuomba aachiliwe.

Baada ya kukabidhiwa, nchi iliyomwomba hairuhusiwi kumshtaki kwa kosa jingine la zamani ambalo halikuwemo katika ombi, isipokuwa nchi iliyomtoa ikubali au yeye mwenyewe apewe nafasi ya kuondoka asiitumie.

Kati ya Kenya, Uganda na Tanzania utaratibu ni mwepesi zaidi?

Ndiyo. Sheria za nchi hizi zimebakiza mtindo wa kuidhinisha hati za majirani, ule uliotajwa katika jibu kuhusu enzi ya ukoloni. Lakini wepesi si ruhusa ya kumruka hakimu. Baada ya mabomu ya Kampala ya tarehe 11 Julai 2010, yaliyoua watu zaidi ya 70, Wakenya kadhaa walikamatwa na kuvushwa mpaka hadi Uganda pasipo kufikishwa mbele ya mahakama ya Kenya kwa ajili ya utaratibu huo. Mwaka huohuo Mahakama Kuu jijini Nairobi ilisema, katika shauri la mmoja wao, kwamba kuondolewa kwake kulivunja sheria. Kwa familia, tamko hilo lilifika wakati mtu wao yuko tayari katika gereza la nchi nyingine. Waliokufa Kampala walistahili haki, na haki hiyo ingesimama imara zaidi kama kila mtuhumiwa angepitishwa mlango wa mahakama.

Ilani nyekundu ya Interpol ni hati ya kukamata?

Si hati ya kukamata. Ni ombi kwa polisi wa nchi wanachama wamtafute mtu na kumzuia kwa muda, na kila nchi huamua kwa sheria yake uzito wa kuipa.

## Sababu za kukataa

Kosa la kisiasa ni lipi?

Uhaini, uchochezi na ujasusi, pale ambapo mlengwa ni serikali peke yake, huhesabiwa kuwa ya kisiasa bila mabishano makubwa. Ugumu huja pale tendo la kawaida la jinai linapofanywa kwa nia ya kisiasa. Kadiri madhara kwa raia wasiohusika yanavyokuwa makubwa, ndivyo mahakama zinavyokataa kuliita tendo hilo la kisiasa, na mikataba ya kupambana na ugaidi imelifinya eneo hili zaidi. Mauaji ya kimbari hayawezi kuwa kosa la kisiasa.

Katika miaka ya ukombozi kinga hii ilikuwa na maana ya pekee. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliwekwa Dar es Salaam mwaka 1963, na wapiganaji ambao serikali za Pretoria (Afrika Kusini) na Lisbon (Ureno) ziliwaita wahalifu waliishi humo bila hofu ya kukabidhiwa.

Je, mtu anaweza kutolewa kwenda kunyongwa?

Inategemea nchi aliyomo. Mwaka 1989 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliizuia Uingereza kumpeleka mtu Marekani kungojea adhabu ya kifo kwa miaka mingi. Afrika Kusini ilipata kesi yake baada ya ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam kulipuliwa tarehe 7 Agosti 1998. Mtanzania mmoja aliyetuhumiwa alikamatwa Cape Town mwaka 1999, akakabidhiwa kwa maofisa wa Marekani kwa jina la kufukuzwa nchini. Tarehe 28 Mei 2001 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilitamka kwamba kitendo hicho kilikuwa haramu, kwa kuwa serikali haikutaka kwanza ahadi kwamba hatanyongwa, na kwamba kukiita kufukuzwa hakukubadilisha chochote. Nakala ya hukumu iliagizwa ipelekwe kwa mahakama ya New York. Huko alipewa kifungo cha maisha.

Nchi inaweza kumtoa raia wake mwenyewe?

Nchi nyingi zilizofuata sheria ya Uingereza zinaweza. Zile zilizofuata sheria ya Ufaransa kwa kawaida hukataa, lakini hujichukulia wajibu wa kumshtaki raia huyo nyumbani.

Itakuwaje ikiwa mahakama za nchi inayoomba haziaminiki?

Rwanda ndiyo shule ya suala hili. Iliifuta adhabu ya kifo mwaka 2007, kwa sehemu kubwa ili nchi nyingine zikubali kuirejeshea watuhumiwa wa mauaji ya kimbari ya 1994. Hata hivyo mwaka 2008 majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyokaa Arusha, walikataa kuhamishia kesi huko, wakihofia usalama wa mashahidi wa utetezi. Rwanda ikarekebisha sheria zake. Mwaka 2011 mahakama ileile ikakubali, na mtuhumiwa wa kwanza akahamishwa mwaka 2012. Mahakama ya Ulaya nayo iliruhusu Sweden kumtoa mtuhumiwa mmoja. Uingereza ilikataa mwaka 2009, ikakataa tena mwaka 2017. Ufaransa imekataa kwa hoja nyingine: kwamba mwaka 1994 sheria ya Rwanda ilikuwa haijaweka adhabu ya kosa hilo.

Anayeumia zaidi ni manusura. Nchi inayokataa kumtoa mtuhumiwa wa makosa mazito kiasi hiki, kisha isimshtaki yenyewe, inamwachia mtu huyo aishi kana kwamba hakuna kilichotokea. Ufaransa, kwa haki yake, ilianza kuwashtaki baadhi yao, na hukumu ya kwanza ilitoka mwaka 2014.

## Mazingira magumu

Serikali mbili zikikubaliana kukabidhiana watu bila mahakama?

Baada ya jaribio la mapinduzi nchini Kenya la tarehe 1 Agosti 1982, Hezekiah Ochuka na mwenzake wa jeshi la anga walikimbilia Tanzania kwa ndege. Mwaka 1983 walirudishwa Kenya, nayo Kenya ikaikabidhi Tanzania watu waliotakiwa kwa njama za kuipindua serikali yake. Ulikuwa wakati ambapo majirani hawa walikuwa wakipatana na kuufungua mpaka wao. Ochuka alihukumiwa na mahakama ya kijeshi na kunyongwa mwaka 1987.

Walioasi kwa silaha walikuwa na mashtaka ya kujibu. Lakini watu kufanywa sehemu ya mapatano ya kidiplomasia ndilo jambo hasa ambalo sheria za miaka ya sitini zilitungwa kulizuia.

Mtu akitekwa nchi jirani na kuletwa mahakamani, kesi inaendelea?

Mahakama zimegawanyika. Marekani mwaka 1992 ilisema inaendelea. Afrika Kusini mwaka 1991 ilisema hapana: Ebrahim Ismail Ebrahim wa ANC, chama kilichopinga ubaguzi wa rangi, alikuwa ametekwa Swaziland mwaka 1986 na kuhukumiwa miaka 20 kwa uhaini, na Mahakama ya Rufani ikaifuta hukumu yote, kwa kuwa dola inayokuja mahakamani lazima ije na mikono safi. Wakati ule ubaguzi wa rangi ulikuwa bado haujaondolewa katika katiba ya nchi hiyo.

Hadhi ya ukimbizi inazuia kurejeshwa?

Inazuia kurejeshwa mahali ambapo mtu ataandamwa. Hata hivyo Mkataba wa Wakimbizi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 haumpi hadhi hiyo mtu ambaye kuna sababu nzito za kuamini kwamba alitenda uhalifu mkubwa usio wa kisiasa kabla ya kupokelewa.

Rais wa zamani anaweza kurejeshwa?

Kisheria inawezekana, lakini mara nyingi mwenyeji hukataa. Mengistu Haile Mariam alifika Zimbabwe mwaka 1991, akahukumiwa Ethiopia asipokuwepo, na Zimbabwe haikumtoa. Hissène Habré wa Chad aliishi Senegal tangu 1990. Ubelgiji ilimwomba mwaka 2005, na tarehe 20 Julai 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Senegal imshtaki bila kuchelewa zaidi au imtoe. Senegal ikamshtaki, katika mahakama maalumu iliyoundwa pamoja na Umoja wa Afrika, na tarehe 30 Mei 2016 alihukumiwa kifungo cha maisha jijini Dakar. Waathirika wa Chad waliofuatilia shauri hilo kwa zaidi ya miaka kumi na tano walikuwemo ukumbini.

Koloni isipopata uhuru bali ikarudishwa kwa nchi nyingine?

Hong Kong ilirudi China tarehe 1 Julai 1997 ikiwa na sheria yake ya kurejesha watoro, ambayo haikuihusu China bara. Muswada wa 2019 uliotaka kuliondoa pengo hilo ulizua maandamano makubwa, na ukaondolewa rasmi mwezi Oktoba mwaka huo.

Nchi mbili zikimwomba mtu mmoja?

Nchi aliyomo huchagua kwa kupima uzito wa makosa, mahali yalipotendeka, tarehe za maombi, uraia wa mtuhumiwa, na uwezekano wa yule atakayempata kwanza kumpeleka baadaye kwa wa pili. Uamuzi huo ni wa serikali, lakini kila ombi hubaki na jalada lake, na mtuhumiwa anayo haki ya kulipinga kila moja peke yake mbele ya hakimu.